Idd ya Mama ni Kesho

Asalaam aleikum mwenye ukurasa, nanyi nyote mnaosoma. Jina langu lifiche, na la duka pia, maana bado ndilo linalonilisha. Nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Mkongani, keshia katika supamaketi moja kubwa huku Diani. Mume aliniacha zamani. Hilo si kisa, nimeshalizoea. Binti yangu wa miaka saba analelewa na mama yangu kule nyumbani, kwa sababu duka letu halijui kufunga. Tunaofunga ni sisi wafanyakazi, Ramadhani nzima, na duka linatutazama tu.

Mwaka huu nilimwahidi mtoto kwamba Idd nitakuwa naye. Nikampelekea na gauni. Sasa mnayajua mambo yetu ya mwezi: wako wanaofuata ulioonekana popote duniani, na wako wanaongoja uonekane huku kwetu. Sisi nyumbani tuliswali siku ya kwanza. Nikamwomba meneja ruhusa. Ni mtu wa bara, mpole wa sauti, hajapata kunitukana. Akaniambia sikukuu ya serikali ni kesho, nivumilie. Nikampigia mama, amwambie mtoto nitakuja kesho. Kesho yake nikaenda kuaga. Meneja akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Lakini si nyinyi mliswali jana? Idd yenu imeshapita. Leo ni ya wenzenu."

Nikarudi kaunta. Na hao wenzetu pia walikuwa kazini, maana wateja walikuwa wengi. Mwezi ulitugawa, kaunta ikatuunganisha.

Na wateja wenyewe msidhani ni watalii. Ni sisi. Kanzu zinanukia udi, watoto wamepakwa wanja, foleni imefika kwenye friji za aiskrimu. Wananitakia Idd njema huku nikiwapitishia soda kwenye mashine. Imamu aliyetoka kuhutubia haki za mfanyakazi alikuwa kwenye foleni yangu, ameshika keki.

Simu zetu huwa tunaziacha kabatini. Habari nililetewa na binamu yangu, aliyekuja kununua juisi. Aliponiona akasimama.

"Dada, wewe uko hapa? Mtoto si amepelekwa hospitali Msambweni?"

Binti yangu alikuwa amevaa gauni lake tangu asubuhi, akatoka kusimama kando ya barabara kunisubiri. Pikipiki iliyopakia vijana wa sikukuu ikamgonga. Meneja alinipa pole, kisha akaniomba nimalize foleni kwanza, kwani hapakuwa na wa kunishikia nafasi. Nikavua beji, nikatoka. Nyuma yangu foleni ikaguna. Mama mmoja wa buibui akauliza nani sasa atampitishia soda zake.

Mguu ulivunjika, ukaunga vibaya. Mtoto anachechemea, na gauni hataki kuliona.

Sasa Idd ya kuchinja inakaribia, na mwenye duka anakuja kututembelea. Wenzangu wanataka mimi ndiye nisimame nimwambie duka lifungwe sikukuu zote, kwa kuwa mimi nina mguu wa kuonyesha. Meneja ameshanionya, kwa upole wake uleule, kwamba anayetaka sikukuu atapewa zote, za mwaka mzima. Na baadhi ya wenzetu wa bara wananinunia. Wanasema malipo ya sikukuu ndiyo nauli yao ya kwenda kwao Krismasi, ingawa Krismasi nao hawaendi. Wako nami pale kaunta. Mama yangu anasema niache kazi nirudi kulima. Mvua yenyewe hajaniambia itatoka wapi.

Juzi nilimwambia mtoto nitakuja Idd. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia njia:

"Idd ya watu, mama, au ile yako ya kesho?"

Nisimame niseme, nikose cha kumlisha? Au ninyamaze, nimlishe mtoto asiyeningoja tena? Nipeni shauri, ndugu zangu. Ila kila anayenishauri, naomba aanze kwa kuniambia soda zake za Idd alizinunua lini.