Mshenga Aliyekatazwa Kula

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikafanywa makao makuu, watu wa mji ule walipata mambo mengi: ofisi, bendera, na vumbi la magari ya serikali. Sosthenes wa Maisaka alipata tumbo. Si kwamba alipewa cheo. Alikuwa mshenga, na ofisi mpya zilileta vijana kutoka Bukoba, Moshi na Songea, wenye mshahara lakini wasio na mjomba wala baba mdogo wa karibu wa kuwapelekea barua ya posa. Kijana akishamwona binti wa watu, akauliza aanzie wapi, alielekezwa kwa Sosthenes.

Kazi ilimfaa. Alikuwa na ulimi laini na koti jeusi la heshima, na juu ya yote alijua kula. Usicheke. Mshenga anayedonoadonoa chakula ugenini huharibu posa kabla bahasha haijafunguliwa, maana mama wa binti atabaki akijiuliza kilichodharauliwa ni jiko lake au ni mwanawe. Sosthenes hakumwachia mama yeyote swali hilo. Pilau ya mchele wa Magugu, nyama ya mbuzi yenye mafuta yake, soda mbili, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha watu watatu. Vyote vilipita, na mwisho aliomba ukoko. Kwa miaka minne alifungisha ndoa thelathini na moja, na akatoboa matundu mapya matano kwenye mkanda wake.

Mwaka wa tano mkewe, Coletha, mama wa mwanawe Damasi, alimkokota hadi zahanati, kwa sababu mzee alikuwa akinywa maji bila kukoma na kwenda haja ndogo kila saa. Nesi mmoja aitwaye Hope akampima presha, akampima sukari, kisha akamzungushia futi kiunoni na kuisoma mara mbili.

"Baba Damasi, haya matatu ni ndugu," alisema. "Presha, sukari na mafuta ya tumboni. Yakikaa pamoja, anayeumia ni moyo. Dawa utapewa, lakini dawa peke yake haishindi sahani. Punguza wali na sembe. Kula dona kidogo, maharage, mboga za majani, samaki. Soda acha, sukari kwenye chai acha, chumvi punguza. Na utembee."

Coletha alisikiliza kama yuko kanisani. Tangu siku hiyo mezani pakawa na dona kiasi cha ngumi, mlenda, maharage, na perege wa ziwani wa kuchemshwa na nyanya. Sosthenes alikula bila kunung'unika, hata majirani wakamsifu. Wasichokijua ni kwamba mzee alikuwa amejitungia sheria yake mwenyewe: chakula cha nyumbani ni cha mwili, chakula cha posa ni cha kazi, na cha kazi hakihesabiwi. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa mtawa. Jumamosi, akishavaa koti, alikuwa fisi.

Bahati mbaya moyo wake haukuarifiwa kuhusu sheria hiyo. Jumamosi moja, akitoka kupeleka barua Bagara, kifua kilimbana kana kwamba amewekewa gunia la mahindi, jasho la baridi likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito. Alishika uzio wa watu akasimama. Aliogopa kweli kweli. Alimwona Coletha katika nguo za msiba, akajionea huruma, kisha akaona haya kwamba alianza kujihurumia yeye kabla ya mkewe.

Hospitali walimpima, wakambadilishia dawa, wakamrudisha zahanati. Hope alipomwuliza anakula nini, alitaja mlenda. Hope akamtazama tu. Akataja na pilau.

"Mzee wangu, moyo hauulizi chakula kimepikwa kwa nani," Hope alisema. "Mishipa yake imeanza kuziba. Ukiendelea hivi, sikuahidi kwamba utamaliza mwaka."

Basi yakamfika shingoni. Akikataa kula, posa zinaharibika na jina linakwisha. Akila, anakwisha mwenyewe. Na wiki hiyo hiyo alibishiwa hodi na Eustace, ofisa wa ardhi kutoka Bukoba, kijana mpole aliyekonda kwa mapenzi. Alitaka kumwoa Jovita wa Sigino. Mama yake Jovita alikuwa Genoveva, mjane ambaye parokia ilimwita jikoni kila askofu alipokuja.

Kumkatalia kijana hakuweza. Alitafakari njia nzima hadi Sigino, na alipokaribishwa mezani akakuta kuku wa kukaanga, wali wa nazi na birika la chai. Akakohoa, akainamisha kichwa.

"Mama Jovita," alisema kwa huzuni kubwa, "kwa kina Eustace kuna mila. Mshenga wao hali nyama wala wali, hanywi kitu kitamu, mpaka mahari imalizike. Anakula maharage na mboga za majani, na chumvi ya kubahatisha. Ni kumheshimu binti."

Uongo ulitoka umenyooka, na ulipata mahali pa kukaa. Babati ya miaka ile ilijaa wageni, kila mtu akajifunza kuheshimu mila asizozijua. Nani angekwenda Bukoba kuuliza? Genoveva aliondoa kuku, akaleta maharage, tena akasema ni mila nzuri. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Kifua kikatulia, mkanda ukarudi tundu moja ndani, na Sosthenes akaanza kuona kwamba watu wa Bukoba wanastahili kutungiwa mila nyingine mbili tatu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku ya mahari alifika baba mdogo wa Eustace, mzee Melkiadi, pamoja na wazee wawili, baada ya siku mbili za safari. Genoveva, mwanamke wa adabu, alikuwa amewaza hivi: ikiwa mshenga wa kuazimwa anaishika mila kiasi kile, wenye mila wenyewe itakuwaje? Ndugu zake wakatengewa mbuzi upande wao wa turubai. Mbele ya wageni likawekwa bakuli la maharage, bakuli la mlenda, na dona kiasi cha ngumi kwa kila mtu. Chumvi hakutia kabisa, asije akakosea.

Mzee Melkiadi alionja. Akatazama bakuli, kisha akatazama mbuzi kule ng'ambo.

"Eustace," alisema taratibu, "tumewakosea nini watu hawa?"

Eustace hakujua. Genoveva akaeleza kwa heshima kwamba wamefuata mila ya wageni, ya kutokula nyama mpaka mahari imalizike. Mzee akajibu kuwa kwao hakuna mila kama hiyo, na kwamba watu wakitaka kumfukuza mgeni wangesema tu kabla hajapanda basi. Akaanza kutafuta kofia yake. Jovita, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaangua kilio.

Macho yote yakamgeukia Sosthenes. Ulimi wake ulikuwa tayari na uongo mwingine, kwamba mila ni ya upande wa mama yake Eustace. Lakini alipokisikia kilio cha yule binti, akaumeza.

"Mila ni yangu," alisema. "Nina sukari, nina presha, na moyo umeanza kuniangusha. Nimekatazwa vyakula. Nikaona haya kukikataa chakula chako, Mama Jovita, nikawasingizia watu wa Bukoba wote. Wazee wangu, nilaumuni mimi. Binti msimwache."

Genoveva alikaa. Sosthenes akasubiri kutukanwa, na alijua anastahili.

"Baba Jovita alikuwa fundi wa kuezeka," Genoveva alisema. "Kila nyumba aliyoiezeka ilimkaribisha, na hakuna aliyoikataa. Akirudi, nami namwongezea. Daktari alikuwa amemkataza, ila alinificha, akaona nitaudhika. Alianguka ana miaka hamsini na mbili, mkononi mimi nina upawa, nampakulia." Akamtazama Sosthenes. "Baba Damasi, ungesema tu. Kwani mnadhani tunawapikia ili tuje tuwazike?"

Mzee Melkiadi, kofia imeshafika kichwani, aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kikopo cha vidonge na kukiweka mezani kando ya mlenda.

"Presha," alisema. "Mwaka wa tatu. Nyumbani hawajui."

Eustace alimkodolea macho baba yake mdogo. Mzee akavua kofia, akaketi, akavuta bakuli la maharage karibu.

"Mama, humu chumvi umeinyima kabisa?"

"Kabisa."

"Basi niongezee na mlenda," alisema mzee Melkiadi. "Na wewe mshenga mwongo, sogea tule."