Hedifoni za Mzee Twahir

Ukuta mmoja tu uliwatenganisha Mzee Twahir na mkewe Batuli na jirani yao Najat, na Najat alikuwa na mtoto mchanga. Kila Mzee Twahir alipofungulia maulidi kwenye simu, akaichomeka kwenye spika, Najat aligonga.

"Mama Uwesu! Mtume tunampenda sote, lakini mwanangu ndiyo kwanza kalala!"

Batuli alipunguza sauti. Mumewe akaongeza.

Miaka mingi Twahir alisoma maulidi katika nyumba za Kaloleni na Daraja Mbili. Aliitwa hata kabla ya mpishi wa pilau. Siku hizi haitwi. Katika shughuli yake ya mwisho alianza kusoma mwenzake hajamaliza. Watu wakatazamana, naye akaendelea, macho kayafumba. Kilichombakia ni sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa enzi zile. Ukimuuliza kama anaisikia, hujibu upesi mno: "Nasikia. Kwani mimi kiziwi?"

Batuli alitaka kuamini. Kwa hiyo zamu yake ya kupokea fedha za mchezo wa akina mama ilipofika, alizifunga fedha kwenye pindo la khanga, akaenda kwa Godwin, muuza vifaa vya simu karibu na uwanja wa mpira. Zilikuwa fedha za cherehani mpya, maana ile ya zamani ilikata uzi kila mshono. Ilikuwa Julai, baridi imeshika, na Mlima Meru ulikuwa haujaonekana tangu alfajiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka vya kusikilizia. Vya mtu mzima."

Godwin akamtandazia: za kuchomeka masikioni za elfu tano, nyembamba kama tambi, nyingine za elfu kumi na tano. Kisha akashusha hedifoni kubwa nyeusi, zenye mito ya kufunika sikio zima. Elfu themanini.

"Hizi za elfu tano nisikudanganye, mama. Wiki ijayo upande mmoja umeshalala."

"Wa kwangu kalala pande zote," Batuli akasema, wakacheka. Kisha yeye akaacha. "Hizi kubwa, asiyesikia atasikia?"

Godwin akazigeuzageuza. Kuuza alitaka, ilionekana. "Zinaongeza sauti, mama. Sikio haziongezi. Chukua za kumi na tano kwanza, mzee ajaribu."

Ulikuwa ushauri mzuri. Lakini akinunua za bei ndogo, na Twahir asisikie, atajuaje kama tatizo ni masikio au ni ubahili wake? Swali hilo lingekaa naye kila akiketi kushona. Akalifungua pindo. Godwin alimpunguzia elfu tano bila kuombwa, na hilo lilimtisha kuliko maneno yake.

Nyumbani alimvisha mumewe juu ya kofia, akapandisha sauti hadi mwisho. Maulidi yalivuja pembeni, membamba, kama nzi ndani ya chupa. Twahir akatabasamu, akaanza kupigapiga goti kwa kidole.

"Mashallah!" akapaza sauti. "Safi, Mama Uwesu! Kama niko Daraja Mbili!"

Moyo wa Batuli ukajaa matumaini. Akaketi kando yake, asikilize na yeye.

Msomaji anapofika pa kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama. Twahir hajawahi kubaki ameketi mahali hapo. Hata akiwa na homa, peke yake na simu, alishika nguzo ya kitanda akainuka.

Sauti ikafika hapo. Batuli akasimama kwa mazoea, kama alivyosimama tangu utotoni.

Twahir alikuwa ameketi, anapiga goti, anatabasamu.

Kisha akaiona miguu ya mkewe. Kidole kikasita. Akainua macho, akamtazama usoni, akayashusha haraka. Akainuka, viungo vikilia, akakunja mikono kifuani, midomo ikaanza kutembea.

Batuli akatazama ukutani. Upande wa pili mtoto wa Najat alikuwa amelala, kimya kabisa.

Ndani ya hedifoni kisimamo kikaisha. Ulikuwa wakati wa kuketi, na Twahir wa kwenye simu akaendelea kusoma kwa ile sauti yake ya zamani. Twahir wa chumbani alibaki amesimama, kainamisha kichwa, anayatazama magoti ya mkewe ili ajue lini aketi.

Batuli hakuketi.