Daktari wa Meno Mwenye Wake Wawili

Nilikulia Tanzania. Tangu familia yetu irudi Burundi nashona nguo hapa Rumonge, na cherehani ikipumzika nasoma riwaya. Binamu yangu wa Bujumbura hunitumia vitabu vipya vya Kifaransa kwa basi, kama wengine wanavyotumiwa viazi. Tabu ni kwamba kitabu kikiniudhi siwezi kunyamaza, na wa kuambiwa ni mmoja tu: jirani yangu, mama mtu mzima anayekaanga mikeke, samaki wa ziwani, mbele ya kibaraza changu. Hunisikiliza huku mawese yakichachatika, kwa hiyo hupata nusu ya maneno.

Asubuhi moja nilimaliza riwaya ya daktari wa meno. Nilikiacha kitabu kitandani, nikatoka nje nikifoka.

"Mama, huyu daktari wa meno amenichosha! Kumbe ana mke wa pili Uvira!"

"Daktari wa meno?" Aligeuza samaki bila kuniangalia.

"Huyo huyo! Mke wa kwanza anamfulia mashati, hajui lolote. Na mimi wiki nzima nimelala naye kifuani, kumbe ananificha mpaka mwisho!"

Mwiko ulimtoka mkononi. Nilifurahi kuona ana uchungu na fasihi kiasi hicho.

Sasa, mtaani kwetu daktari wa meno ni mmoja. Ni mtu mpole wa miwani, na mkewe anaimba kwaya. Kesho yake ukumbi wake wa kungojea ulijaa wanawake wasioumwa jino lolote. Walikuja kumtazama. Mmoja aliingia hadi ndani, akafungua kinywa, akamkazia macho, kisha akatoka akisema, "Hata sura yenyewe ya kawaida tu."

Mimi sikujua kitu. Mke wa daktari, mteja wangu, alikuja kuchukua gauni lake. Nikamwambia bado mkono mmoja. Akasema hautaki huo mkono, akalinyakua gauni lilivyo na kuondoka. Baadaye wakaja mama wawili kutoka Gatete na sahani ya bugali na ndagala, dagaa wetu.

"Pole, mwenzetu," walisema. "Wanaume iko vile."

Nikashukuru, nikala. Nilidhani wanazungumzia gauni.

Jioni daktari mwenyewe akabisha hodi, mkewe nyuma yake amekunja mikono.

"Amahoro, madamu," alisema kwa adabu. "Nasikia mimi na wewe tuna mambo. Naomba uniambie, ili na mimi niyajue."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilikimbia chumbani, nikarudi na kitabu. Mkewe akasoma kurasa za mwisho kwa sauti, akafika kwenye Uvira, akacheka hadi akakalia pasi yangu. Bahati nzuri ilikuwa imepoa.

Nikamwita jirani. "Mama, umenifanya nini?"

"Mbona haukusema ni mutu wa mu kitabu?"

"Si kila siku nakusimulia vitabu?"

"Mafuta yalikuwa yanapiga kelele!" alisema, akaenda zake kama aliyedhulumiwa.

Daktari aliazima riwaya ile. Alipoirudisha alikuwa na maoni makali kuliko yangu: mwandishi amemwonea mtu wa watu, kwa sababu kitabu kizima hakuna mgonjwa hata mmoja aliyelalamika. Mkewe, aliyeleta gauni limaliziwe mkono, alisema mke wa kwanza ni mjinga, angeondoka na friji. Mimi nikashikilia kwamba mwisho umeharakishwa. Tukabishana mpaka jirani akaacha mikeke yake akaja kudai na yeye apewe kitabu.

Kifaransa hasomi. Nikampa riwaya ya picha, ya msichana anayevuka mji mkubwa akimtafuta mbuzi wake, karibu haina neno. Mimi niliipenda mno. Nilikuwa nimewaambia ina ukimya wa ajabu. Aliisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na mikeke ikaungua.

"Huyu muchoraji hapendi watu wake," alisema mwishowe. "Angalia. Mwanzoni mutoto iko munene. Huku mwisho amekonda. Na hakuna mahali amekula!"

Tukaipekua wote wanne. Kweli. Kuna mvua, kuna ngazi, kuna mbuzi anakula gazeti. Msichana hajatia kitu kinywani. Daktari alijaribu kusema labda anakula kati ya picha na picha.

"Wewe nyamaza," mama alimwambia. "Wewe ndiye wa wake wawili."

Kisha akachukua kalamu yangu ya kuandikia vipimo, akainama, na katika mkono wa yule msichana akachora mukeke. Ulitoka mkubwa kuliko msichana mwenyewe, una macho mawili upande mmoja. Akaupuliza wino ukauke.

"Haya, mwanangu," alimwambia msichana, akifungua ukurasa unaofuata. "Sasa tembea."