Nilivyokwenda Kinole Kuchagua Chuo cha Marekani

Nilikwenda Kinole kwa sababu vyuo viwili vya Marekani vilitaka jibu langu kufikia Jumatatu, na mwenye jibu hakuwa mimi.

Niliomba vyuo tisa. Saba vilinikataa kwa adabu kubwa. Kimojawapo kilinisifu sana, hadi nikafika aya ya mwisho ndipo nikajua nimekataliwa. Viwili vilivyobaki vilikubali kunisomesha bure, kwa hiyo habari ya ada tuiache hapo. Kimoja kiko kwenye jiji lenye treni za chini ya ardhi, na jina lake hata mpiga picha za pasipoti alilijua. Cha pili kiko katikati ya mashamba ya mahindi, na jina lake mimi mwenyewe nililazimika kulisoma mara mbili.

Nyumbani kwetu mjini, Kilakala, baba alikuwa amekwisha kulimaliza jambo. Baba ni mtu wa Kondoa, anafundisha takwimu chuoni, na alichora jedwali lenye vigezo kumi na kimoja. Chuo cha jijini kilishinda. Alilibandika kwenye mlango wa friji. Mama, ambaye ni Mluguru, akalisoma akiwa amesimama, akafungua friji, akatoa maziwa.

"Jedwali zuri," akasema. "Sasa aende kwa mjomba wake."

Baba hakubisha. Ameishi na Waluguru miaka ishirini na miwili. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama. Baba amenilea na kunisomesha. Ndiyo au hapana anasema mjomba. Na Mjomba Shomari alikuwa na sababu nzuri ya kusema hapana. Yeye na mama wamezaliwa wawili tu. Watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Mimi ndiye binti pekee wa mama, kwa hiyo ukoo ukiendelea, utaendelea kupitia kwangu. Nikienda Marekani nisirudi, shamba la bibi zetu halina mtu. Mama asingeenda kinyume na kaka yake, nami nililijua hilo.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilipanda Canter iliyokuwa ikienda Kinole, milimani kwa mjomba, kuchukua ndizi. Nilikaa mbele na dereva, jamaa anayeitwa Side, ambaye aliniuliza ninakokwenda kabla hata hajaingiza gia ya pili. Nikamweleza yote.

"Chagua chenye timu kali ya kikapu," akasema.

"Mimi sichezi kikapu."

"Si lazima ucheze, dada. Utashangilia."

Baba hakuwa na kigezo hicho. Nilikiandika.

Kiroka tulisimama nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi. Baada ya Mkuyuni barabara ilianza kupanda, na mvua ya juzi ilikuwa imeichimba katikati. Mara mbili Side aliniomba nishuke ili gari liwe jepesi. Nina kilo hamsini na moja. Nilishuka.

Saa nne tulifika Kinole. Kutoka sokoni kwenda kwa mjomba hakuna barabara, kuna njia ya miguu inayopita katikati ya migomba na miti iliyopandiwa pilipili manga. Kina mama waliokuwa wakiteremka na mikungu ya ndizi kichwani walinikuta nimeshika kiuno, nahema. Mmoja akaniambia, "Pole mwanangu, ni hapo tu." Nilitembea saa moja na nusu nyingine.

Saa sita kasoro nilifika. Mjomba alikuwa anatawadha nje, mkewe, Mama Rajabu, anachambua mchele. Nikawaamkia. Halafu nikafanya kosa ambalo mtoto wa mjini hulifanya kila anapopanda mlimani: nilianza na shida.

"Mjomba, nimekuja na jambo la haraka."

"La haraka, na limekuja kwa miguu?" akaniuliza. "Kaa, mwanangu. Ule kwanza."

Akaenda msikitini. Nikala wali na kisamvu, nikaulizwa habari za mama, za baba, za bei ya ndizi mjini. Jambo la haraka lilingoja hadi saa kumi.

Saa kumi nililikunjua jedwali mbele yake. Alivaa miwani, akalisoma mstari kwa mstari, bila kuruka.

"Baba yako ana mwandiko mzuri," akasema. "Huku kwenye treni, mwenyeji wako nani?"

"Sina mwenyeji, mjomba. Ni chuo."

"Na kwenye mahindi?"

"Hata huko sina."

Akavua miwani. "Ukienda kuomba shamba kwa watu, unamwona mwenyewe kwanza. Akuonyeshe mpaka, akuonyeshe maji. Usipomjua, unalima kwa nani?"

"Mimi nakwenda kusoma, mjomba, siendi kulima."

"Umewauliza nani atakupokea?"

Sikuwa nimeuliza. Kwa miezi mitano nilijibu kila walichoniuliza: nimewahi kushindwa nini, nani amenibadilisha maisha, ningekuwa mnyama ningekuwa nani. Mimi sikuwa nimewauliza hata swali moja. Niliona aibu, na niliona aibu zaidi kwa sababu baba anasomesha watu shahada ya uzamili na yeye hakuliona.

Mtandao kule unapatikana juu ya jiwe moja nyuma ya msikiti. Tulipanda wote wawili. Nikaandika barua pepe moja, nikaituma kwa vyuo vyote, maneno yaleyale: nikifika, nani atanipokea? Mjomba alisimama pembeni akihakikisha.

"Umewasalimia?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijawasalimia. Nikaandika nyingine ya salamu.

Jumamosi asubuhi nilipanda tena kwenye jiwe. Chuo cha jijini kilikuwa kimejibu ndani ya dakika moja baada ya kuandika kwangu: kilinishukuru kwa kupendezwa nacho, kikasema ujumbe wangu utashughulikiwa kati ya siku saba na kumi za kazi. Barua ya salamu nayo ilipata jibu hilohilo.

Chuo cha mahindi alijibu mtu. Alijiita Donna. Alisema salamu zimefika, atanisubiri yeye mwenyewe kituo cha basi na gari lake lina rangi ya kijani lakini mlango mmoja mweupe. Aliuliza navaa viatu saizi gani, kwa sababu wanafunzi wanaoondoka humwachia viatu vya theluji naye huviweka stoo. Aliuliza pia Ramadhani ningependa chakula changu kihifadhiwe vipi, maana bwalo lao hufungwa mapema.

Mjomba aliniambia nimsomee mara mbili, kwa Kiswahili.

"Huyu anajua mgeni ni nini," akasema. "Wanalima kwa jembe?"

"Kwa trekta."

"Basi hawana milima," akasema, kwa sauti ya kuwaonea huruma.

"Kwa hiyo ni ndiyo, mjomba?"

"Sijasema ndiyo. Chuo tumekipata. Bado wewe."

Akachukua jembe na kifuko, tukateremka hadi shamba la bibi zetu. Ni kipande cha mteremko chenye mikarafuu mizee na mgomba mmoja mmoja. Mjomba akakaa juu ya kisiki.

"Mtu tukimwazima shamba hapa, anapanda nini?"

Hilo nililijua tangu utotoni. "Mahindi. Maharage. Vitu vya msimu."

"Kwa nini asipande mti?"

"Akipanda mti anadai ardhi."

Ndivyo ilivyo huku kwetu. Aliyeazimwa analima, anavuna, anashukuru. Siku akichomeka mche wa karafuu, kesho yake mpo kwa mtendaji wa kijiji.

"Huko Marekani umeazimwa," akasema. "Lima vya msimu."

"Miaka minne ni msimu, mjomba?"

"Mrefu. Lakini ni msimu."

Akafungua kifuko. Ndani mlikuwa na miche sita ya mikarafuu. Alikuwa ameiotesha tangu mama alipompigia simu kwamba nimeanza kuomba vyuo. Alikuwa na jibu lake muda wote huo na hakumwambia mtu.

"Mti panda hapa. Mashimo chimba mwenyewe."

Nilichimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Yeye alikaa kwenye kisiki akisema ongeza kina, hilo ni la mchicha. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kutaka kunizuia. Aliogopa tu, kama nilivyokuwa naogopa mimi, na tulikuwa tunaogopa kitu kilekile, kwamba huenda nisirudi. Nililia kidogo, nikasingizia jasho.

"Inaanza kuzaa lini?" nikauliza.

"Mwaka wa sita. Wa saba."

"Shahada ni miaka minne tu."

"Hesabu najua. Utawahi. Utapalilia."

Jumapili nilirudi mjini na Side, nyuma ndizi zake, mbele mimi na iliki ya mama na embe za baba. Aliuliza kama chuo nilichopata kina timu ya kikapu. Nikasema sijui. Akaingiza gia kwa nguvu.

Baba alisikiliza habari yote, kisha akaongeza kwenye jedwali kigezo cha kumi na mbili, mwenyeji, akapiga hesabu upya. Chuo cha jijini kikashinda tena. Akakiongezea uzito kigezo cha kumi na mbili. Kikashinda tena, kwa tofauti ndogo. Akaongeza uzito hadi mahindi yakashinda, akaweka kalamu chini.

"Ndiyo takwimu," akasema. Jumatatu asubuhi nikajibu.

Naandika haya nikiwa huku kwenye mahindi. Donna alikuwepo kituoni, na mlango mmoja ulikuwa mweupe kweli. Viatu vimenizidi saizi moja, navaa soksi mbili. Mdogo wangu unayeomba vyuo mwaka huu, fundisho langu ni hili tu: wakimaliza kukuuliza, nawe uliza.

Ijumaa iliyopita mjomba alipanda kwenye jiwe akanipigia.

"Mche mmoja umekauka," akasema.

"Pole, mjomba. Upandie mwingine."

"Nani, mimi? Mimi ni mjomba tu. Nimeung'oa, shimo nimeliacha wazi. Nimelizungushia miti mbuzi wasitumbukie."

Akadhani mtandao umekatika, akaita jina langu mara mbili.

"Nipo, mjomba."

"Hayo mahindi ya huko yameshavunwa?"

"Yameshavunwa. Shamba lote jeupe."

"Haya," akasema. "Msimu wa kwanza huo. Imebaki mitatu."