Kopo la Vifungo

Mke wa mzee alikuwa fundi cherehani wa kutegemewa na mtaa mzima. Mzee mwenyewe, mlinzi wa shule aliyestaafu, alijipa kazi moja tu: kidonge cha presha cha mke wake. Kila asubuhi alikiweka kwenye kisosi kando ya cherehani, na glasi ya maji, kisha akageuka kuwasha jiko.

"Umemeza, mama?"

"Nimemeza, mlinzi wangu. Nenda kailinde chai isimwagike."

Siku za kliniki nesi alimpima mkewe na kumsifu mbele ya foleni nzima. Mzee alirudi nyumbani kifua mbele, utadhani presha iliyoshuka ni ya kwake.

Mwezi uliopita mkewe alianguka akishona gauni la harusi la kitinda mimba wao. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukaenda upande. Daktari alipouliza kuhusu dawa, mzee aliapa kwamba mgonjwa wake hajaruka hata siku moja.

Jana binti yao alikuja kuchukua gauni. Vilibaki vifungo vitatu tu. Mzee akachukua kopo la vifungo, akalimwaga mezani. Katikati ya vifungo vyeupe vikatoka vidonge, vyeupe pia, vingi mno. Alivichambua kwa kidole, kimoja kimoja, huku machozi yakimtoka. Hakumchukia mkewe hata chembe. Alijichukia mwenyewe, na lile jiko.

Akavibeba kiganjani hadi kitandani kwa mkewe.

"Kwa nini, mama?"

Maneno yalimtoka mkewe kwa taabu. "Vinanikojoza. Choo kiko kule nyuma, na wateja wamekaa wananisubiri. Nilikuwa nameza siku tatu kabla ya kliniki."

"Si ungeniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana nikisifiwa."

Mzee alikaa pale akiushika ule mkono usiomjibu.

Leo asubuhi alimpa kidonge, na safari hii hakugeuka. Mkewe alimeza. Kisha, bila kuombwa, akafungua mdomo wake uliopinda, akauinua ulimi kwa shida ili mumewe aone.

"Funga mdomo, mama," mzee akasema. "Nakuamini."

Lakini alikuwa ameshachungulia.