Mvua ya Jorodom

Tangu tope la Mlima Hanang liifukie nyumba yao ya Jorodom, mama yake akiwa ndani, Judica aliichukia mvua. Wanafunzi wa chuo chake walipoalikwa Namibia, nchi ya jangwa, alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Wiki ya pili, chini ya mbingu isiyo na wingu, alimpigia bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Paza sauti, we mtu wa jangwani! Mvua inapiga bati."

Judica akaibana simu sikioni. Akilini akamwona mama yake akikimbia kuanua nguo huku akicheka, enzi mvua ilipokuwa neema tu ya Mungu.

"Nisamehe, najua huipendi. Nitakupigia ikikatika."

"Usikate, bibi. Isogeze simu mlangoni, niisikie."