Sketi ya Waheshimiwa Wawili

Juzi nilikuwa jikoni nangoja githeri iive, simu mkononi kama kawaida yangu, nikaona picha ya mwanamuziki mmoja wa Nairobi amevaa koti lililoshonwa kwa fulana za kampeni. Fulana za vyama vyote, kipande kwa kipande, nusu ya uso wa mheshimiwa huyu begani, meno ya yule kwenye mfuko. Watu walikuwa wamejaa hapo chini wakisifu. Sanaa. Ujasiri. Hii ndiyo sauti yetu vijana. Mmoja aliuliza ni dizaina gani huyo, maana kitu kama hicho hajawahi kukiona tangu azaliwe. Mimi nimekiona. Nimekivaa hata, nikiwa darasa la tatu, na kilishonwa na shosho, bibi yangu, pale Manyatta, Embu, kwenye veranda ya duka. Nilizima simu nikakaa nayo hivyo. Githeri ikashika chini, mama akanigombeza.

Wacha nikuandikie wewe basi, kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mimi ni mtu wa aibu sana. Nilimaliza Form Four mwaka jana na sasa nakaa nyumbani nikitengeneza mabango kwa simu: ya mkutano wa injili, ya salooni, ya mtoto wa mtu kufikisha mwaka mmoja. Watu huniita dizaina na mimi huangalia chini. Wakiniuliza nilisomea wapi, nasema nilijifunza tu kwenye simu. Ni uongo, ama tuseme ni nusu.

Nilijifunza chini ya meza ya cherehani. Mama alikuwa akichuma majani chai ya watu, kwa hivyo tangu sijaanza shule nilikuwa nikiachwa kwa shosho, na shosho mahali pake pa kuniweka palikuwa hapo chini, juu ya gunia, karibu na miguu yake. Ukiniuliza veranda ile ilikuwaje, nitakwambia kanyagio likipanda na kushuka, na soksi za shosho, moja ya kahawia na nyingine ya shule. Nitakwambia harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kilicholowa, na sauti ya mashine ya kusaga unga iliyokuwa jengo la pili, ambayo ikinyamaza ghafla masikio yanalia. Saa nne tulikunywa chai na nduma baridi. Vipande vya kitambaa vilianguka kutoka juu kama mvua, na kila kilichoanguka kilikuwa changu. Nilivipanga kwenye saruji, rangi na rangi, navipangua, navipanga tena. Shosho akiinama kuokota sindano aliangalia, akasema, "Hiyo nyekundu inamsumbua mwenzake, itoe." Naitoa. Kweli ilikuwa inamsumbua.

Wanawake walikuja kutaka nguo walizoona kwenye runinga, kwenye zile tamthilia za Wafilipino. "Shosho, nataka kama ya yule aliyeachwa na bwanake jana." Shosho hakuwa na runinga. Aliuliza maswali tu. Mkono umefika wapi? Shingo iko wazi ama imefungwa? Alipoachwa alikuwa amesimama ama amekaa? Halafu anakata. Jumapili utamwona mama huyo kanisani amevaa huzuni ya Manila mabegani, anatembea polepole watu wamwone vizuri.

Shosho alikuwa ametoka upande wa Meru, huko Mitunguu kwenye ndizi, akaolewa hapa Embu akiwa msichana. Maneno mengine aliyasema Kimeru mpaka uzee, na wateja walipenda kumtania: "Huyu Mmeru wetu atatukata nguo kubwa kama za kwao." Yeye anacheka, anawapima kiuno kwa futi, anawajibu kwamba kwao watu hula wakashiba. Ilikuwa mchezo, na mimi nilidhani ni mchezo siku zote.

Sasa ule mwaka wangu wa darasa la tatu ulikuwa wa kampeni. Unajua kampeni zetu huja na baridi ya Julai, ukungu umelala mpaka saa tano, na hapo ndipo fulana za bure hugawanywa, na hakuna anayekataa kitambaa kwa baridi kama ile. Kwetu walishindana wawili. Mmoja fulana zake zilikuwa za njano, mwingine za buluu. Mwenye duka, ambaye veranda ilikuwa yake, alikuwa wa njano kabisa, mpaka mlango aliupaka. Watu wa kawaida walivaa zote mbili, ya njano juu ya ya buluu ama kinyume, kulingana na gari lililokuwa likipita. Mvua ikianza, fulana za mheshimiwa zilifungwa kichwani, zilifunika ndama, zilipangusa meza. Hakuna aliyeona ubaya.

Jumapili ya watoto kanisani ilikuwa inakaribia na sikuwa na nguo ya kupanda nayo mbele. Mwalimu wetu wa Sunday School alikuwa amenichagua nisome mstari mmoja wa Zaburi, mimi nisiyeweza hata kuomba maji kwa jirani. Nililia. Shosho aliacha kushona. Alichukua fulana nne za njano na nne za buluu zilizokuwa zimerundikwa pale, akakaa akiziangalia muda mrefu, kichwa upande.

Alinishonea sketi ya marinda. Kitambaa cha fulana huvutika, mkunjo haukai, kwa hivyo alikitia bitana ya pazia kuukuu na kuyashonea marinda kwenye kiuno yasifumuke. Lakini ujanja ulikuwa kwingine. Nyuso za waheshimiwa alizificha ndani ya mikunjo. Nikisimama wima, unaona mistari tu, njano, buluu, njano, buluu, safi kama kitu cha dukani. Nikizunguka, marinda yanafunguka na waheshimiwa wote wanatokea mmoja kando ya mwingine, wakitabasamu.

Niliisoma Zaburi yangu nikaimaliza. Sikutetemeka, kwa sababu nilijua nina siri kiunoni. Tulipotoka nje watoto wakagundua, na basi. "Zunguka! Zunguka tuone waheshimiwa!" Nikazunguka. "Ona wanavyosalimiana!" Kijana mmoja mkubwa akasema, "Huyu mtoto amepiga kura mara mbili," na wazee wa kanisa wakacheka mpaka wakashika ukuta. Sijawahi kuangaliwa hivyo tena maishani. Mtu alipiga video, na kufikia jioni ilikuwa kwenye simu za watu mpaka Embu mjini.

Jumatatu jioni, nimeshatoka shule, vijana watatu wa njano wakaja kwenye veranda. Nilikuwa chini ya meza, niliona viatu vyao.

"Mama, umemweka mheshimiwa wetu mahali pa kukaliwa na mtoto?"

Kanyagio likasimama. "Si hata yule mwingine amekaliwa?" shosho akasema. "Wamekaliwa sawasawa."

Mteja mmoja alicheka. Wale vijana hawakucheka. Mmoja akasema, "Huyu si hata wa hapa. Huyu ni Mmeru, ametumwa." Na nilingoja shosho ajibu vile alivyokuwa akijibu siku zote, kwamba kwao watu hula wakashiba. Miguu yake ilirudi nyuma kidogo, ikajikunja chini ya kiti.

Walipoenda, mwenye duka alitoka. Aliongea polepole, kwa heshima, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama, mimi sina shida na wewe. Lakini unaona vile watu wako saa hizi. Pumzika nyumbani kidogo. Haya mambo yakiisha utarudi, mahali pako ni pako."

"Yakiisha nirudi?"

"Utarudi, mama. Nitakuita."

Cherehani ilibebwa na mkokoteni wa ndizi mpaka kwetu chini mtoni. Shosho alitembea nyuma yake ameshika meza kwa mkono mmoja, kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Uchaguzi ukaisha. Wa njano akashinda. Shosho alitia mafuta kwenye mashine, akaifunika shuka, akangoja. Kila nikitoka shule aliniuliza, kabla hata sijavua viatu, "Pale kwa veranda kuna mtu?" Nasema hakuna. "Basi bado ni pangu," anasema, na ananipakulia uji. Hakutaka kwenda kuuliza mwenyewe. Alisema mtu aliyeahidiwa kuitwa haendi kugonga mlango. Watu wachache walileta nguo za kutia viraka, lakini kwetu ni mbali na kuna matope, na mjini wakaanza kuuza za mtumba za bei rahisi. Wakaacha.

Haukupita muda mrefu, wale waheshimiwa wawili wakapatana. Ndiyo. Walipanda gari moja, wakasimama kwenye paa lake pamoja wameshikana mikono juu, na bango lao likachapishwa, njano upande huu na buluu upande ule, nyuso kando kwa kando. Mwenye duka alilibandika ukutani, palepale shosho alipokuwa akiegemeza kiti chake. Nilisimama nikaliangalia na begi langu la shule mgongoni. Kusema kweli lilikuwa baya. Rangi zilikuwa zikigombana, na hakuna aliyezipatanisha vile shosho alivyozipatanisha. Sikumwambia. Lakini nadhani alisikia kwa watu, kwa sababu wiki hiyo aliniuliza kila siku, mara mbili kwa siku, kama kuna mtu pale. Hakuna, shosho. Hakuna.

Halafu siku moja ikabidi niseme, "Kuna kijana. Anauza vitu vya simu."

"Ameweka meza?"

"Ameweka meza."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala nyingine yoyote. Cherehani ikawa mahali pa kuwekea thamosi na redio. Mimi nilikuwa nimeanza kuona aibu kukaa sakafuni na vitambaa, nilikuwa mkubwa, kwa hivyo hatukuwa na hata hicho cha kufanya pamoja. Tulisikiliza tu redio. Wakati mwingine alinishika ukosi wa sare akausugua kati ya vidole viwili, akaguna, yaani umeshonwa vibaya. Akaishia hapo.

Mwaka huu, kabla ya mvua kubwa, alitutoka. Kijitabu cha mazishi nilitengeneza mimi, nani mwingine. Anko alinisomea maneno ya kuweka. Alizaliwa, akaolewa, akabatizwa, alikuwa mkulima.

"Alikuwa fundi, anko."

"Hiyo ni ya zamani. Andika mkulima, inatosha."

Niliandika fundi wa nguo, Manyatta. Ndiyo mara ya kwanza nimemkatalia mtu mzima, na nilifanya kwa kidole, kimyakimya, na hakuna aliyeniuliza.

Siku ya mazishi mwenye duka alikuja. Amezeeka, anatembea na fimbo. Alipewa nafasi ya kusema, akashika kile kijitabu changu, akasoma hapo kwenye fundi, akatikisa kichwa. "Kweli kabisa. Huyu mama alikaa kwangu miaka na miaka. Mahali pale palikuwa pake. Halafu siku moja akaacha tu. Mpaka leo sijui mbona aliacha." Watu wakasema mm. Macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli. Nilimwangalia nikitafuta uongo usoni mwake, maana mimi nafanya kazi na nyuso za watu kila siku, nazikuza, nazing'arisha. Sikuupata. Alikuwa amesahau.

Sasa msimu mwingine unanukia. Vijana wa pande zote wananitumia picha: dizaina, mweke mheshimiwa katikati, umtoe mikunjo ya shingo. Nawatengenezea wote, kwa sababu ni kazi, na kwa sababu sijui mimi ni wa rangi gani. Huwa najiuliza kama shosho alijua yeye ni wa rangi gani, ama alijua siku ile miguu yake ilipojikunja.

Jana nilipita Manyatta nikasimama kwenye ile veranda. Imewekwa vigae na nondo. Sikuwahi kusimama pale nikiwa nimeangalia nje, nilikuwa mtoto wa chini ya meza. Kumbe ukiwa kwenye kile kiti unaona njia ya kutoka kiwanda cha kahawa, geti la kanisa, na wanawake wote wanaopanda kutoka kwenye chai. Hakuna anayeingia sokoni bila kukupita. Kutoka asubuhi mpaka jioni, shosho alikuwa akisalimiwa. Na kwetu ni mwisho wa njia, chini mtoni. Kule hakupiti mtu.

"Siste, unataka kava?" kijana wa simu aliniuliza.

Nikasema hapana, naangalia tu. Wanawake wawili wakapita na mizigo ya nyasi mgongoni, wameinama, wanaongea. Walipofika mbele yetu wakainua vichwa wakamsalimia kwa jina, na yeye akawajibu, macho kwenye simu.